Poti imefunguliwa, mbona kamera haionekani?

Nina duka Kariobangi. Fundi alinifungia kamera, akafungua poti 8000 (mlango wa mtandao wenye nambari) kwenye ruta ili ielekee DVR, mashine inayorekodi picha za kamera. Nikiwa dukani naona kila kitu. Nikifika nyumbani Githurai, sioni chochote. Sasa fundi anasema DVR ni mbovu, ninunue nyingine.

Usitoe pesa bado, mama. DVR inayoonyesha picha dukani ni nzima. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta palipoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti, unakili anwani ya IP (nambari ya kifaa kwenye mtandao) iliyopo hapo. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ya duka, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, kosa huenda liko kwenye mipangilio, na fundi arudi amalize kazi. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine mbele ya yako.

Anwani za IPv4, yaani anwani za IP za mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote, na hazitoshi. Kwa hiyo vifaa vya nyumbani hupewa anwani za ndani, nyingi zikianza na 192.168, na ruta huzibadilisha ziwe anwani moja ya nje kila zinapotoka. Kazi hiyo ndiyo NAT. Ruta hukumbuka nani ametuma nini, jibu likirudi limfikie mwenyewe. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa ni kama mtu wa boda aliyefika getini kwa ploti na kifurushi kisicho na nambari ya nyumba. Kuelekeza poti ni kumwachia mlinzi maagizo: cha 8000 kipeleke kwa DVR.

Tatizo ni kwamba watoa huduma wengi wana NAT yao pia, wateja wengi chini ya anwani moja, yaani CGNAT. Ukikuta WAN yako iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, umo humo. Safu hiyo ilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ikianza na 10 au 192.168, pengine ni hilo hilo, au fundi amechomeka ruta juu ya ruta. Omba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa, au tumia programu ya simu ya mtengenezaji wa DVR. Hapo DVR yenyewe ndiyo hutoka kwenda kwenye seva zao, NAT haiizuii. Kwa duka moja ningechukua hiyo ya pili, na kumwambia fundi aifunge ile poti 8000. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na DVR kwa maelfu, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Mimi niko mtaa wa Umoja. Hapa stima ikipotea na kurudi, poti niliyoelekeza kwa kompyuta huacha kufanya kazi. Siku nyingine inafanya. Ni nini?

Ni DHCP, utaratibu wa ruta kugawa anwani za ndani yenyewe. Ruta ikiwaka upya huweza kuipa kompyuta anwani nyingine, huku sheria yako bado inaelekea ile ya zamani. Itengee kompyuta anwani yake ndani ya ruta kwa kutumia MAC, nambari ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Dakika chache tu.

Kijana wangu anataka kufungulia wenzake seva ya mchezo wa Minecraft. Rafiki yake amemwambia aweke kompyuta kwenye DMZ, ndiyo rahisi.

Ni rahisi kweli, hata kwa mwizi. DMZ ya ruta za nyumbani huelekeza kwenye kompyuta hiyo kila poti isiyo na sheria yake. Seva ya toleo la Java inahitaji poti 25565 ya TCP (aina moja ya mawasiliano) peke yake. Fungua hiyo, uifunge wakimaliza kucheza. Ukiwa humo humo, baba, zima UPnP kwenye ruta, kwani huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Nikitumia bando ya simu, seva yangu ya nyumbani inafunguka kwa anwani ya nje. Nikirudi kwenye Wi-Fi, haifunguki.

Hakuna kilichoharibika. Ruta yako haiwezi kugeuza safari inayotoka ndani kwenda nje ili irudi ndani. Ukiwa nyumbani tumia anwani ya ndani.

Ofisi yetu ndogo Westlands hufanya kazi kutoka mbali kupitia Remote Desktop, programu ya kutumia kompyuta ya ofisi ukiwa kwingine. Tumehamisha poti kutoka 3389 hadi 50000. Tuko salama sasa?

Hamjafanya mengi. Poti zote za TCP ni 65,535, na kuna programu zinazozipitia moja moja usiku na mchana, kisha zinajaribu nywila. Fungeni hiyo poti kabisa, mweke VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi. WireGuard, mojawapo ya programu za VPN, hutumia poti 51820 ya UDP (aina nyingine ya mawasiliano) kwa kawaida, na asiye na ufunguo hajibiwi hata neno. Mkiwa nyuma ya CGNAT haitaingilika kutoka nje. Kodisheni seva ndogo yenye anwani ya umma, ofisi na wafanyakazi wote wajiunge nayo kutoka kwao.