Shangazi, nitie sahihi au nisitie?

*Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka 15, anaimba na kucheza tangu mdogo. Ukurasa wake nausimamia mimi na sasa una wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Nikiri jambo: klipu aliyocheza na kaptula ilitazamwa mara kumi kuliko zile za kuimba tu, nami nikamnunulia kaptula nyingine mbili.*

*Mwezi uliopita meneja mmoja alitutafuta, anataka kumtolea wimbo. Nilifurahi mpaka nikalia. Sasa ameleta picha za mfano wa kava anayoitaka: mastaa wa umri wa binti yangu, mavazi ya watu wazima, macho yamelegezwa. Nilipoona mmoja wao ni yule staa mwanangu anayempenda kuliko wote, nikasema hana haya, wazazi wake wamemuuza. Binti alilia, na leo ni siku ya nne hanisemeshi.*

*Baba yake anasema niache ushamba, dunia ndivyo ilivyo. Ila juzi tulipokuwa tunaangalia video ya staa huyohuyo, ambaye ana miaka 16, alisema "huyu keshakuwa mwanamke kamili", na binti amekaa hapohapo. Fomu ya ridhaa iko kwenye droo inasubiri sahihi yangu. Meneja anasema nikichelewa, wengine wapo. Je, namzibia mwanangu riziki?*

*Mama wa Msanii*

Marahaba mwanangu.

Fomu hiyo usiitie sahihi. Barua nyingi ninazoletewa zina pande mbili na huwa nazipima zote kabla ya kusema neno. Yako, kwenye suala la fomu, ina upande mmoja tu, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Nikusimulie kisa cha mwigizaji wa Marekani, Brooke Shields. Mwaka 1975, akiwa na miaka 10, mama yake Teri alimpa ridhaa mpiga picha aitwaye Garry Gross ampige mtoto picha bafuni bila nguo. Malipo yalikuwa dola 450. Mwaka 1978 Brooke alikuwa tayari staa wa sinema, akiigiza mtoto anayelelewa danguroni. Mwaka 1980, akiwa na miaka 15 kama binti yako, akawa uso wa matangazo ya jinzi za Calvin Klein, na maneno aliyopewa ayaseme yalikuwa na maana mbili. Amekuja kueleza akiwa mtu mzima kwamba ile maana ya pili hakuielewa. Wakubwa waliomwandikia waliielewa.

Alipofikia umri wa kujua zile picha za bafuni ni kitu gani, alikwenda mahakamani kuzizuia zisitumike tena. Mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilimkatalia, majaji wanne kwa watatu. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ilimruhusu mzazi kutoa ridhaa kwa niaba ya mtoto, na mtoto hana nafasi ya kuja kuitengua. Alikuwa na miaka 17. Aliomba picha za mwili wake mwenyewe, akaambiwa mama yako alishamaliza.

Teri hakuwa mgeni wala adui wa binti yake. Alikuwa mama anayelea peke yake, na nadhani aliamini anamfungulia mwanawe mlango. Ndiyo maana nakupa kisa chake na si cha mama katili. Ile fomu iliyo kwenye droo yako, itoe uisome polepole pale panaposema picha zitumikeje na kwa muda gani. Wasomaji wamenionyesha fomu za namna hii zaidi ya mara moja, na karibu zote zina maneno ya jamii moja: popote, kwa njia yoyote, wakati wote. Wakati wote maana yake binti yako akiwa na miaka 30, ana kazi nyingine, ana watoto wake, kava ile bado ni mali ya mtu mwingine.

Kuna jambo lingine huwa naliangalia katika visa hivi, nalo ni nani hubaki kubeba aibu. Mwaka 2008 mwimbaji na mwigizaji wa Marekani Miley Cyrus, naye miaka 15, alipigwa picha na Annie Leibovitz kwa ajili ya jarida la Vanity Fair, mgongo wazi, ameshikilia shuka kifuani. Makelele yalipozuka, jarida likasema wazazi au walezi wake walikuwepo siku nzima. Disney, ambayo ilikuwa ikimtumia kwenye tamthilia ya watoto, ikasema binti alitengenezewa mazingira yale ili jarida liuzike. Kila mkubwa alikuwa na maelezo yake. Aliyeomba radhi kwa mashabiki alikuwa ni yule wa miaka 15. Miaka kumi baadaye aliifuta radhi hiyo hadharani, na mimi nilifurahi alipoifuta.

Sasa mwanangu, nirudi kwenye neno ulilolisema, kwa sababu hapo ndipo ulipokosea. "Hana haya." Staa huyo ana miaka 16. Nguo alichaguliwa, taa ziliwekwa na watu, mtu fulani nyuma ya kamera alimwambia legeza macho, mtu mwingine akachagua picha moja kati ya mia, na mezani kulikuwa na karatasi yenye sahihi ya mzazi. Katika mlolongo wote huo, mwenye sauti ndogo kuliko wote ni yeye, na ndiye uliyemrushia jiwe. Binti yako hakulia kwa sababu umemtukana mtu asiyemjua. Alilia kwa sababu amesikia utakachomwita yeye siku likimpata kama hilo. Mtoto akishajua kwamba mama atasema "huna haya", siku mpiga picha akimwambia fungua kifungo kimoja zaidi, hatakwambia. Atafungua, atanyamaza, atarudi nyumbani akuambie kila kitu kilikuwa sawa.

Na mumeo. Najua hakukusudia baya, wengi hawakusudii. Nilipokuwa na miaka 13, kwenye sherehe ya familia, nilikuwa nacheza katikati ya ukumbi na binamu zangu, nimesahau kama kuna watu. Mzee mmoja wa ukoo akasema kwa sauti, "Huyu sasa ameiva." Watu wakacheka. Nikaenda kukaa, nikavuta kanga ya mama yangu nikajifunika mpaka magotini, na sikucheza tena mbele za watu hadi nilipokuwa na watoto wangu. Hakunigusa. Alisema maneno matatu.

Mwigizaji Natalie Portman alilisema jambo hili hadharani Januari 2018, kwenye maandamano ya wanawake Los Angeles. Filamu yake ya kwanza ilipotoka alikuwa na miaka 13. Akafungua kwa furaha barua yake ya kwanza kutoka kwa shabiki, akakuta mwanamume anamwandikia jinsi anavyowaza kumbaka. Kituo cha redio cha kwao kikaanza kuhesabu siku zilizobaki atimize miaka 18. Wahakiki wa filamu wakaandika habari za kifua chake. Akajifunza, akiwa mtoto, kujifunika na kukataa hata nafasi yenye busu tu, ili ajione salama. Nakwambia hili uone kwamba nguo peke yake haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kundi la watu wazima waliojiona wana haki ya kumkadiria. "Keshakuwa mwanamke kamili" ni hesabu ileile ya redio, imeletwa sebuleni na baba. Mwambie mkiwa wawili, kwa upole lakini bila kuzunguka: binti yako alikusikia, na sasa anajua wanaume wazima huwaangalia wa rika lake namna gani, na kwamba baba yake ni mmoja wao.

Halafu angalieni hili wote wawili. Baba alisifia mwili wa yule msichana, mama akaulaani. Hakuna aliyesema lolote kuhusu sauti yake. Binti yenu anataka kuwa mwimbaji.

Nije kwako na zile kaptula. Umekiri bila kuulizwa, na hilo limenipa moyo, kwa hiyo sitakubembeleza. Meneja hakuanzisha safari hii. Ilianza siku ulipoona idadi ya watazamaji ikapanda, ukaelewa imepandishwa na nini, ukaenda dukani. Mtoto naye alielewa, maana watoto husoma tabasamu la mzazi kuliko maneno yake. Mwaka 2007 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti kuhusu wasichana kuonyeshwa kama vyombo vya tamaa, wakaihusisha hali hiyo na mtoto kujidharau, sonona, na matatizo ya kula. Hawakuishia kwa watangazaji na wenye filamu. Waliwataja na wazazi. Leo usiku kaa peke yako, fungua maoni ya klipu ile, ugonge jina mojamoja uone ni akina nani. Hesabu wangapi ni wasichana wa rika lake, na wangapi ni wanaume wenye umri wa baba yake. Ukishamaliza hutahitaji ushauri wangu kuhusu kuifuta. Funga pia ujumbe kutoka kwa watu asiowafuata, na akaunti uendelee kuishika wewe.

Kuzungumza na binti ndiyo kazi kubwa, nami ningeianza kwa kuomba radhi. Mwambie: "Nilimwita yule msichana jina baya, nilikosea, yeye ni mtoto kama wewe." Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini" umeifuta radhi yote. Halafu, siku hiyo au inayofuata, zitazameni zile picha za mfano pamoja, umuulize maswali unayotaka kweli kujua majibu yake. Unadhani nguo hii aliichagua nani? Hapa alikuwa anasikia baridi? Ukiiangalia, unajua anaimba nyimbo za namna gani? Kisha umuulize yeye angependa kava yake ionekaneje. Mpe karatasi achore. Pengine atachora kitu kitakachokushtua kidogo, rangi ya midomo, nguo ya kung'aa, pozi la kikubwa. Usishtuke. Msichana wa miaka 15 anayejaribu kuonekana mkubwa mbele ya kioo anafanya kazi ya umri wake, sote tulivaa viatu vya mama. Ninachokikataa ni mtu mzima kukichukua kioo kile, akakiwekea bei, akawauzia watu wazima wenzake. Mweleze tofauti hiyo kwa maneno yako. Atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu yale maoni kwenye klipu na yeye ameyasoma.

Anaweza kukujibu kwamba staa wake mwenyewe amesema anapenda picha zile. Usibishane. Mwambie huenda ni kweli, na kwamba akifika miaka 20 au 25 akitaka kava ya namna ile, karatasi itakuwa na jina lake na uamuzi utakuwa wake. Kwa sasa karatasi ina jina lako, na ni wewe utakayeulizwa.

Kuhusu meneja: mrudie na masharti, usimrudie na hasira. Kava aliyoichora binti ndiyo mtakayoijadili. Mavazi mnakwenda nayo kutoka nyumbani. Wewe uko ndani ya chumba cha kupigia picha muda wote, si kwenye gari wala nje ya mlango unamsubiri. Picha zote mnaziona kabla hazijatoka, na zile msizozikubali zinafutwa mbele yenu. Matumizi yawe ya wimbo huu tu, kwa muda ulioandikwa kwa tarakimu. Mkataba ausome mwanasheria wenu, si wake. Na fedha za binti ziwe na akaunti yake ambayo hata wewe huchoti: Jackie Coogan, aliyekuwa mtoto maarufu wa sinema, alipokuwa mtu mzima alikuta mama yake na baba wa kambo wameshazila fedha zake karibu zote, ndipo California ikatunga sheria mwaka 1939 inayobeba jina lake mpaka leo.

Akikubali masharti hayo, inawezekana ni mtu wa kufanya naye kazi. Akikunja uso kwenye lile la wewe kuwepo chumbani, mshukuru, umpe mkono, uondoke na mwanao. Anaposema wengine wapo, hadanganyi. Wapo kweli, na wana mama zao, na ninatamani barua hii iwafikie nao.

Umeniuliza kama unamzibia riziki. Riziki ya mwanao iko kooni mwake, mwanangu, na koo halijaguswa. Anaweza kuimba kesho na mwakani na akiwa na miaka 40. Kilicho hatarini ni hii miaka mitatu iliyobaki kabla hajafika 18, ambayo hakuna atakayemrudishia.

Fomu iache kwenye droo. Klipu ifute kabla hujalala. Ukishaongea naye niandikie alichochora.

Shangazi yako