Kuvuna maji ya mvua nyumbani: kabla ya kununua tanki pima gata kwanza

Mkuu mleta mada, umesema una nyumba ya bati vyumba vitatu huko Chanika, maji ya bomba hayajafika mtaani kwenu, umepata hela ya simtanki moja la lita 10,000 na unauliza kama ukishalinunua ndo umemaliza. Bado hata hujaanza mkuu. Mimi niko jirani yako tu huku Pugu, mwaka wa sita huu natumia maji ya mvua, na makosa karibu yote nimeshayalipia kwa hela yangu.

Kosa la kwanza ndo hilo hilo unalotaka kufanya. Nilichukua la elfu kumi, fundi akanijengea stendi ya tofali imepanda karibu nusu mita ili ndoo iingie vizuri chini ya koki, tanki likapandishwa na vijana wanne, tukapiga na picha kabisa. Kuja kuunga bomba, mdomo wa tanki uko juu kuliko gata (ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa)! Fundi ananiangalia, mi namwangalia, mwisho anasema eti boss tuweke pampu, yaani maji yadondoke bure toka juu alafu mi niyapandishe tena kwa umeme wa kununua. Tukabomoa stendi ikabaki kozi moja ya tofali, na mpaka leo koki iko chini sana imebidi nichimbe kishimo cha kuwekea ndoo, wageni wanadhani nafuga bata.

Kwahiyo chukua tepu, pima kutoka ardhini mpaka gata linapoishia, ule upande wa chini kabisa mana gata lina mteremko, toa urefu wa stendi, toa sentimita kama 20 za mteremko wa bomba linaloenda tankini, kinachobaki ndo kimo cha tanki unaloweza kununua. Nyumba zetu nyingi hizi hesabu inakupeleka kwenye matanki mawili ya 5,000, mafupi, unayaunga chini kwa chini yanajaa pamoja. Na stendi usifanye mchezo, lita moja ni kilo moja, tanki la 5,000 likijaa ni tani tano hizo, mwaga zege ya maana na juu iwe sawa bila kokoto iliyochomoza, kokoto moja inatoboa kitako cha tanki taratibu tu wala hujui.

Gata sasa. Mafundi wengi wanalipigilia limenyooka kama rula kwasababu linapendeza ukiwa barabarani. Langu lilikuwa hivo, maji yanatuama, majani ya mwembe yanaoza humo, na mbu ndo usiseme, na Dar hii dengue tuliiona 2014 ikarudi 2019. Dai mteremko walau sentimita moja kila mita mbili, na ncha ya bati iingie ndani ya gata kidogo, isiishie kwenye fishabodi (ule ubao wa ukingo wa paa), la sivyo maji yanarudi nyuma yanaozesha mbao. Ila pia bati lisipitilize, mana masika ikipiga ile ya nguvu maji yanaruka juu ya gata yanaenda kwa jirani.

Hesabu ya maji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yangu kwa chini ni mita 10 kwa 12 (usipime bati lilivyolala, pima eneo linalofunikwa), ni mita za mraba 120, mvua ya milimita 20 inanipa lita 2,400, toa zinazomwagika na kupotea unabaki na kama 2,000. Mvua tano nzuri za masika tanki limejaa. Shida ni Juni mpaka Septemba. Sisi tuko watano, ndoo mbili kila mtu kwa siku ni lita 200, elfu kumi inaisha siku 50, na kiangazi ni zaidi ya siku 100. Ndo maana kwangu maji ya mvua ni ya kupika, kunywa na kufulia basi, chooni na kudekia tunatumia ya kisima ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Kwa mpango huo mwaka jana tulifika vuli hatujaita boza (gari la kuuza maji) hata mara moja.

Usafi: kunguru wa Dar unawajua, wanashinda juu ya bati. Pale bomba linaposhuka funga tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T), chini yake shusha kipande cha bomba cha inchi nne chenye kifuniko cha kufungulia, maji ya kwanza machafu yanajaa humo ndo mengine yanapita kwenda tankini. Ila mita moja ya bomba hilo inabeba kama lita 8 tu, kwa hiyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi mi nachomoa bomba kabisa, naacha paa lioshwe hata nusu saa, roho inauma lakini ndo hivo. Mdomo wa tanki na bomba la kumwagia ziada funga wavu wa mbu, na hilo la ziada lipeleke mbali na msingi, mi liliniacha na ufa jikoni.

Kunywa tunachemsha, kila siku, hata kama yanaonekana meupe.

Bei sikutajii mana kesho zitakuwa zimebadilika. Kapime gata leo, ukipata kimo kiweke hapa tupige hesabu ya tanki pamoja kabla hujaenda dukani.