Hai-pasi ya 300 si dawa ya kila lidi

Wadogo zangu, nimefungua projekti zenu wiki hii na kila chaneli ya lidi, ala inayobeba melodi, nimeikuta na hai-pasi, filta inayokata sauti za chini, kwenye Hz 300, mteremko (yaani ukali wa mkato) wa desibeli 24 kwa oktava. Kinanda cha ohangla, muziki wa Kiluo, 300. Lidi nyembamba ya juu ambayo haijawahi kushuka chini ya 500, hiyo nayo 300. Nikauliza namba imetoka wapi. "Mkubwa, ndivyo wanavyofanya." Hao wanaofanya ni akina nani, hakuna aliyejua.

1. Tafuteni kwanza noti ya chini kabisa ya melodi. Ikiwa ni A ya Hz 220, hai-pasi yenu inaikata karibu desibeli 11, huku A ya juu yake, 440, ikipita bila kuguswa. Ndiyo maana yule mwimbaji alilalamika kwamba kinanda "kinameza maneno" kikishuka. Nanyi mkapandisha sauti ya chaneli nzima, noti za juu zikaanza kuchoma masikio. Anzeni chini sana na mteremko wa desibeli 12, pandeni polepole wimbo mzima ukicheza, na lidi ikianza kukonda rudini nyuma. Wimbo mzima, jamani. Kwenye solo, chaneli ikisikika peke yake, hata takataka husikika kama utajiri.

2. Fungueni sinthi, kile kinanda cha kielektroniki, kabla ya kufungua ikwalaiza, kifaa cha kupunguza na kuongeza sauti za chini au za juu. Uchafu mwingi wa chini mmeupakia wenyewe kwa kuchagua priseti, sauti iliyotengenezwa tayari. Hata Roland SH-101 ya mwaka 1982, yenye osileta (chanzo cha sauti) moja kuu, ina nyongeza ya kushusha oktava moja au mbili chini ili sauti inenepe. Ukipiga peke yako nyumbani ni raha tupu.

Hapa niseme yangu, msije mkadhani nilizaliwa nikijua. Nilikuwa na kachumba Kondele, Kisumu, urefu mita 3, paa la mabati, meza imekaa hivi kwamba kiti changu kilikuwa katikati kabisa. Bendi ya ohangla ikaniletea wimbo katika A. Mpiga besi alikuwa mzee aliyekulia kwenye benga, wa wale ambao kwao besi haisindikizi mtu, inazungumza. Nikachagua priseti ya lidi kwa hedifoni, ikanguruma vizuri, nikaibandika kwenye melodi yote. Ndani yake mlikuwa na osileta ya pili, oktava mbili chini. Pigeni hesabu: melodi ilipotua kwenye 220, kule chini iliamka 55. Na 55 ndiyo kamba ya A ya gitaa la besi ikiachwa wazi. Hazikuwa zimelingana sawasawa, kwa hiyo zilipokutana sauti ilivimba na kunywea, ikavimba na kunywea.

Mixi nikafanyia kwenye spika. Sasa, chumba cha mita 3 kina wimbi linalosimama karibu na Hz 57, nalo huzimika katikati ya chumba, palepale nilipokalia. Masikio yakaniambia besi ni haba, nami nikaongeza besi! Kompresa ya masta, ile inayobana sauti ya wimbo mzima na ambayo hushtuliwa na nguvu ya chini kabla ya kitu kingine chochote, ikaanza kuudidimiza wimbo mzima kila kinanda kilipoingia. Nikajipongeza kwamba wimbo unapumua kisasa.

Tukaupeleka stejini kuujaribu kwenye matatu ya rafiki yao, wufa, spika ya besi, chini ya kiti cha nyuma. Kinanda kilipoingia, stika za kioo cha nyuma zikaanza kutetemeka, mwimbaji akazama, besi ikapotea. Kondakta akauliza kama tumeua wufa. Mzee alinyamaza mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema taratibu, "Kijana, ni nani huyo anapiga besi juu yangu?"

"Ni wewe mwenyewe, mzee."

"Hapana. Mimi kamba yangu ya A naijua. Huyo ni mtu mwingine."

Nikabishana naye. Mimi, wa juzi juzi, nikamweleza mzee huyo kwamba pengine gitaa lake halikuwa na tyuni, mbele ya manamba na abiria wawili waliokuwa wakingoja gari lijae. Hakunijibu, alishuka tu. Usiku nikafungua ile priseti, nikazima osileta ya chini, na besi yake ikatokea bila mimi kuigusa, safi, kila noti mahali pake. Ada ya mixi niliirudisha. Na kabla hamjaniambia hai-pasi yenu ya 300 ingeniokoa: ingemfukuza yule mgeni wa 55, halafu ingekula noti za 220 zilizobeba wimbo. Swichi moja ndani ya sinthi ilitosha.

3. Rivabu na dilei (mwangwi na marudio) za lidi, kateni chini kwenye chaneli zake zenyewe, hata kufika 500, hakuna atakayelia. Hai-pasi itangulie kompresa. Ila kwa distosheni, ile inayokwaruza sauti, iwe baada yake, kwa sababu distosheni huzaa: piga 330 na 440 pamoja, utapata na 110 ambayo hukuipiga.

4. Pale lidi inapofungua wimbo peke yake, kabla besi haijaingia, iacheni na kifua chake. Pandisheni hai-pasi besi inapoingia, kwa otomesheni, mabadiliko yanayojiendesha yenyewe wimbo ukicheza, mtu asishtuke. Na kama filta ya sinthi yenu inaweza kufuata noti zinazopigwa, itumieni hiyo. Inapanda na kushuka pamoja na melodi, jambo ambalo namba moja iliyogandishwa haiwezi. Kwa nini hamuigusi sijui, labda kwa sababu iko ukurasa wa pili.

5. Faili za lidi mniletee mbichi, hai-pasi isiwe imechomwa ndani, maana kilichokatwa mimi sina pa kukitoa. Priseti nayo ihifadhiwe kwa jina ambalo binadamu ataelewa. "Lidi mwisho kabisa 3" nimeipokea mara mbili wiki hii, kutoka kwa watu wawili, na zote mbili hazikuwa za mwisho.