Diski inagonga, Signal haifunguki: nani wa kuaminiwa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, niko Dodoma. Laptop yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina diski ya kuzunguka ya GB 500 na ndani nimeweka mfumo endeshi wa Linux Mint. Wiki hii imekuwa ikiganda, mshale unasimama dakika nzima, na nikitega sikio nasikia tik, tik, tik. Jana Signal, ile programu ya kutumiana ujumbe, ya kwenye laptop ilikataa kufunguka. Imesema hifadhidata ina hitilafu, ikanipa kitufe cha kufuta data zote na kuanza upya. Sijakibonyeza. Nilipoendesha smartctl, amri ya kusoma afya ya diski, ikaandika PASSED (imefaulu), ila namba 5 inasoma 48, namba 197 inasoma 312 na namba 199 ni 0. Fundi wa mtaani kwetu anataka nimpelekee aipige fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, ikigoma afomati. Mwandishi mwenzangu anasema hapo nimedukuliwa, nihamie Telegram. Humo mna mazungumzo yangu na watu walioniamini. Nimsikilize nani? Na nikibadilisha diski, ya zamani naweza kumwachia fundi?

JIBU: Njema, dada, na pole sana. Umefanya la maana kutobonyeza kile kitufe. Kama unasoma haya kwenye laptop hiyohiyo, funga kazi zako na uizime sasa, uendelee kwenye simu. Kila dakika inayowaka, kichwa cha kusomea kinarudia tena na tena mahali palipoharibika, na kila marudio yanakula uhai uliobaki.

Nianze na hilo neno PASSED, maana limewaponza wengi. Ni hukumu ya diski yenyewe juu ya afya yake, na kiwango cha kujifelisha kimewekwa mbali mno. Google walichapisha mwaka 2007 utafiti wa diski zaidi ya 100,000 walizokuwa nazo kwenye vituo vyao, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye hesabu hizi za SMART, yaani mfumo wa diski kujipima wenyewe. Kwa hiyo ukimya wa SMART hauthibitishi uzima. Lakini diski ikishaanza kusema, iamini. Yako imeshasema.

Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imezistaafisha na kuweka nyingine za akiba mahali pake. Namba 197 ndiyo inayonitisha zaidi: sekta 312 ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, ikaziweka kwenye foleni ya kusubiri hukumu. Hukumu hiyo hutolewa pale mahali hapo panapoandikwa upya. Ukiandika na uandishi ukashika, sekta inatolewa kwenye foleni, usiposhika, inastaafishwa. Vyovyote iwavyo, kilichokuwa kimeandikwa pale kinafutika. Hapo utaelewa kwa nini diski ikifomatiwa kwa kuandikwa nzima "inapona": foleni inarudi sifuri, fundi anakuonyesha namba nzuri, nawe unarudi nyumbani na diski mgonjwa isiyo na mafaili yako.

Namba 199 kuwa sifuri nayo ina habari. Hiyo huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mkuu. Ingekuwa inapanda huku 197 ikiwa sifuri, ningekwambia uchomoe kebo, usafishe kiunganishi na ujaribu tena kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwako njia ni safi. Tatizo liko kwenye sahani zenyewe zinazozunguka na kubeba data, au kwenye kichwa kinachozisoma. Ukitaka kujiridhisha kwa macho yako, washa kwa flashi ya Linux Mint, kisha andika `sudo dmesg | grep -i sda` (sda kwa kawaida ndilo jina la diski ya ndani). Ukiona maneno `I/O error, dev sda, sector` yakifuatiwa na tarakimu ndefu, na karibu yake `UNC`, huo ni ushahidi wa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux: imeomba sekta hiyo, diski ikajibu kwamba yaliyoandikwa hapo hayasomeki wala hayasahihishiki.

Sasa fsck. Mimi siipingi, ni chombo kizuri cha kunyoosha mfumo wa mafaili uliovurugika, mathalani umeme ulipokatika katikati ya kazi. Lakini kazi yake ni kuandika. Inaposhindwa kusoma jedwali la mafaili kwa sababu sekta imekufa, inaweza kuamua kwamba folda hiyo haipo tena, ikavunja viungo na kutupa vipande kwenye `lost+found` vikiwa na namba badala ya majina. Nililifanya kosa hilo miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Mama mmoja aliniletea laptop ya marehemu mumewe, nikaendesha fsck moja kwa moja kwenye diski iliyokuwa inagonga, nikajibu ndiyo kwa kila swali. Picha zilizokuwa zimepangwa kwa miaka na majina ya watoto zilitoka kama rundo, na nyingi hazikufunguka kabisa. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: diski mgonjwa husomwa tu. Matengenezo yote hufanyika kwenye nakala.

Nakala inachukuliwa hivi. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya TB 1, iliyofomatiwa ext4 au exFAT, usitumie FAT32 maana haibebi faili linalozidi GB 4. Washa laptop kwa flashi, na usifungue folda zozote za diski ya ndani. Sakinisha zana kwa `sudo apt install gddrescue`. Jina la kifurushi lina herufi g mbele ila amri yenyewe ni ddrescue. Tumia `lsblk` kuhakikisha ipi ni ipi, angalia ukubwa wake mara mbili, kwa sababu ukigeuza diski ya kusomwa na ile ya kuwekea nakala hakuna wa kukusaidia. Kisha ingia kwenye diski ya nje na uandike:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda diski.img diski.map`

Awamu hii inakusanya kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo sugu. Faili la `diski.map` ndilo daftari lake: linaandika kila eneo lililosomeka na lililokataa. Umeme ukikatika, au laptop ikizimika kwa joto, unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Usilipoteze faili hilo. Diski yenye afya ya ukubwa kama wa yako ingemaliza kwa saa mbili hivi, ya kwako inaweza kuchukua usiku kucha au zaidi, usiikimbize. Ikimaliza, ndipo unairudisha kwenye maeneo sugu kwa `sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map`. Feni ndogo ikipuliza chini ya laptop inasaidia kweli.

Ila ule mlio wa tik tik ukigeuka kugonga kwa nguvu, au diski ikatoweka kwenye `lsblk`, simama hapohapo. Hapo kichwa kinaweza kuwa kinakwangua sahani, na kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

Ukishapata `diski.img`, chomoa diski mgonjwa uiweke kando. Nafasi ikiruhusu, nakili pia hiyo nakala. Kisha `sudo losetup -fP --show diski.img` itakupa kitu kama `/dev/loop0`, na kwenye sehemu zake ndipo fsck ya fundi wako inakaribishwa.

Tuje kwa Signal. Dada, hakuna aliyekudukua kwa ushahidi ulionipa. Hifadhidata ya Signal ya kwenye kompyuta imefungwa kwa SQLCipher, zana ya kusimba hifadhidata kwa ufunguo, na kila ukurasa wake una muhuri unaohakikiwa unaposomwa. Sekta moja ikikataa ndani ya faili la `db.sqlite`, ukurasa hausomeki au muhuri haulingani, na programu inakataa kuendelea. Inakataa kwa sababu imejengwa kutoamini kitu kilichobadilika hata kidogo. Mvamizi mwenye akili angefanya kila juhudi Signal yako ifunguke kama kawaida, ili uendelee kuandika.

Hapa kuna mtego ambao wengi huutambua wakiwa wameshachelewa. Kunakili `~/.config/Signal` peke yake hakutoshi. Tangu mwaka 2024 ufunguo wa hifadhidata hiyo hauandikwi tena wazi. Umefungwa kwa siri inayotunzwa kwenye pochi ya funguo ya mfumo. Kwenye Mint yenye mwonekano wa Cinnamon pochi hiyo iko `~/.local/share/keyrings`, nayo hufunguliwa na nywila yako ya kuingilia. Ichukue pamoja, na kwenye mfumo mpya tumia nywila ileile. Kama uliisakinisha Signal kama Flatpak (aina ya kifurushi cha programu) kutoka kwenye duka la programu, folda yake iko `~/.var/app/org.signal.Signal`. Na nakala ikishafunguka kwenye mashine mpya, ile ya zamani usiiwashe tena. Nakala mbili za akaunti moja zikizungumza kwa wakati mmoja, funguo zinazobadilika kwa kila ujumbe zinapishana na mazungumzo yanavurugika.

Simu yako ikiwa nzima, kuna njia nyepesi: tangu mwanzoni mwa 2025, ukiunganisha kompyuta mpya Signal inaweza kuhamisha historia ya maandishi kutoka kwenye simu, pamoja na picha na viambatisho vya siku 45 za karibuni. Jaribu hiyo kwanza.

Kuhusu kuhamia Telegram, mwenzako ana nia njema lakini anakupeleka mahali pa wazi zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayasimbwi, yaani hayafungwi kwa siri, kutoka mtu hadi mtu. Yanakaa kwenye seva za kampuni, na kampuni ndiyo yenye funguo. Mazungumzo ya siri wanayo, ila lazima uyaanzishe mwenyewe na kila mtu mmojammoja, na programu yao ya Telegram Desktop unayoipata kwenye Linux haina kabisa kipengele hicho. Kwa hiyo wewe, mtumiaji wa Mint mwenye vyanzo vya kulinda, ungekuwa unaandikiana nao kwa njia ambayo kampuni inaweza kuisoma.

Signal nayo siitetei kwa sababu ya jina. Naitetea kwa kile kilichoonekana ilipobanwa. Mwaka 2016 mamlaka za Marekani, jimboni Virginia, ziliwaandikia amri ya kutoa taarifa za watumiaji. Walichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawakuwa na ujumbe wala majina ya marafiki. Wana makosa pia, na uyajue. Kwa karibu mwaka mzima, kuanzia Aprili 2020, walikaa bila kuchapisha mabadiliko ya msimbo wa seva yao, jambo lililotukera wengi tuliokuwa tukiwasifia uwazi wao. Na ule ufunguo niliokueleza ulikaa wazi ndani ya `config.json`, kando ya hifadhidata yenyewe, kwa miaka. Watu walilalamika mwaka 2018, rekebisho likaja 2024 baada ya kelele kurudi.

Hilo la mwisho linajibu swali lako kuhusu fundi. Usimbaji wa Signal unalinda ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika, umelala kwenye diski yako, na usalama wake ni usalama wa diski hiyo. Diski isiyosimbwa ukimwachia mtu, umemwachia picha ulizopakua, rasimu zako, vivinjari vyenye akaunti zilizo wazi, na kama toleo lako la Signal lilikuwa la zamani, sanduku pamoja na ufunguo wake. Simtuhumu fundi wako. Lakini diski mbovu huuzwa, hutupwa, hupita mikono mitano. Kuifuta kwa kuandika juu yake nako hakutegemeki, kwa sababu zile sekta 48 zilizostaafishwa hazifikiwi tena na amri za kawaida ingawa data zake bado zipo. Ukishahakiki nakala, fungua kifuniko, toa sahani na uzikwaruze kwa patasi kabla ya kuzikunja au kuzivunja; vaa miwani, nyingine ni za kioo na hupasuka vipande.

Diski mpya ukiisakinishia Mint, weka alama kwenye chaguo la kusimba diski nzima. Hiyo ni LUKS, na ndiyo itakayokuwezesha siku nyingine kumpa fundi laptop iliyozimwa bila kukosa usingizi. Signal ichukue kutoka kwenye hazina ya apt (chombo cha Mint cha kusakinisha programu) ya Signal wenyewe. Ile ya Flathub, duka la Flatpak, inatunzwa na watu wa kujitolea, na Mint tangu toleo la 22 huficha vifurushi vya Flathub visivyothibitishwa.

Leo hii, kabla ya yote, fungua Signal kwenye simu, nenda kwenye mipangilio, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Februari 2025 Google walieleza jinsi wadukuzi wenye uhusiano na Urusi walivyowahadaa watu kuskani misimbo ya QR iliyounganisha akaunti zao za Signal na vifaa vya wadukuzi. Kama mwenzako alikuwa na hofu ya kweli, hapo ndipo ingeonekana. Ukikuta kifaa usichokitambua, kiondoe na uwaambie vyanzo vyako. Ukiikuta laptop yako peke yake, endelea na ddrescue, na awamu ya kwanza ikiisha nitumie yaliyoandikwa kwenye mistari ya `rescued` na `bad areas`, nikwambie kama inafaa kuendelea na ya pili.