Matembezi ya kijijini na mama mwenye magoti mabovu

Dada, umeuliza utembee wapi na mama karibu na Northampton, Uingereza, bila kupanda vilima, magoti yake yasije yakamsumbua. Mpeleke Stoke Bruerne. Ni kijiji kidogo kando ya mfereji wa mashua wa Grand Union, na njia ya kando ya maji ni tambarare.

Anzieni kwenye jumba la makumbusho ya mifereji, kisha fuateni maji upande wa kaskazini hadi mdomo wa handaki la Blisworth, ambamo mfereji hupita chini ya kilima. Hata kilomita moja haifiki. Handaki lina urefu wa mita 2,813 na lilifunguliwa mwaka 1805, bila njia ya miguu ndani. Farasi waliovuta mashua walifunguliwa na kupitishwa juu ya kilima, huku wanaume wakilala chali juu ya mbao kwenye mashua na kusukuma kuta kwa miguu, gizani, mpaka upande wa pili. Mama atapenda kuhadithiwa hayo pale pale!

Ile njia ya farasi juu ya kilima ipo bado, ila ina mwinuko. Iache kwa siku utakayokwenda peke yako.

Mkirudi, kaeni karibu na malango ya maji, yanayofungwa na kufunguliwa ili maji yapande au yashuke, mtazame mashua zikipandishwa na kushushwa. Yapo saba, lakini ya juu tu yanatosha kwa mama. Mvalishe viatu visivyoteleza, maana baada ya mvua kuna tope, na mwache atembee upande wa mbali na maji: baiskeli nazo hupita hapo.