Jibu: JROTC si JKT, binti hajaandikishwa jeshini

Dada, umeuliza kama binti yako aliyepangiwa JROTC, yaani somo la mafunzo ya awali ya kijeshi kwa wanafunzi wa Marekani, kwenye sekondari huko Texas ndiyo keshaandikishwa jeshini. Hapana. Ni somo lenye maksi zake, mpango wenyewe ulianza kwa sheria ya mwaka 1916, na anayelimaliza hadaiwi utumishi wowote.

Usilifananishe na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya nyumbani Tanzania, vijana waliomaliza kidato cha sita wanakohamia kambini na kuamshwa alfajiri kwa mchakamchaka. Huyu wako atalala kwako. Kwa kawaida siku moja kwa wiki atavaa sare, na mwalimu, mara nyingi mwanajeshi mstaafu, atapita mstari kwa mstari akikagua viatu, vifungo, nywele. Siku nyingine ni kwata, mazoezi ya viungo, uraia, kusoma ramani, huduma ya kwanza, na kusimama kuongea mbele ya wenzake. Hilo la mwisho naliona lina faida kuliko yote, hasa kwa mtoto mgeni anayeona haya kuongea Kiingereza.

Ila aliyekwambia jeshi halina maslahi hapo kakudanganya. Akisoma miaka kadhaa halafu akajiunga kwa hiari yake, anaweza kuanza na cheo cha juu kidogo na mshahara wake. Na mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika kuhusu shule zilizowaingiza wanafunzi kwenye somo hili bila kuwauliza. Nenda kwa mshauri wa masomo, uliza kama ni lazima. Kama binti hataki, omba abadilishiwe mapema. Ratiba zikishafungwa inakuwa kazi.