Mzee Ramani Anajibu: Alamo ni misheni au ngome?

SWALI: Shikamoo Mzee Ramani. Ninaishi San Antonio, Texas. Wageni wakija nawapeleka Alamo, na kila mara wananikaba na swali moja: kama ni misheni, mbona habari yote ni ya vita vya 1836 kati ya Texas na Meksiko? Halafu mjini nasikia pia "presidio" na "villa". Vinatofautianaje? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Alamo ilizaliwa misheni, ikaishia kambi ya askari, ndiyo maana wageni wanasikia vita tu. Watawa Wakatoliki wa Wafransisko waliianzisha 1718 kwa jina la San Antonio de Valero. Usifikirie kanisa tu. Misheni ilikuwa kijiji kizima ndani ya ukuta, chenye ghala, vyumba vya kufumia nguo na makazi ya wenyeji waliofundishwa dini na kufanyishwa kazi. Nenda misheni ya San José, kusini kidogo, uone vyumba vyao vilivyoegemea ukuta wa nje. Valero ilifungwa 1793, kisha wakaingia askari wa farasi kutoka Álamo de Parras, Meksiko. Jina hilo ni lao.

Presidio ndiyo ngome hasa: askari wa mfalme na familia zao, chini ya kapteni. Imebaki nyumba moja tu, pale Plaza de Armas, ambayo watalii wanaambiwa ni Jumba la Gavana. Jumba gani! Ni nyumba ya kapteni, haina hata ghorofa. Ila inua macho juu ya mlango: jiwe limechongwa mwaka 1749 na tai mwenye vichwa viwili, nembo ya ukoo wa Habsburg, uliokwisha kutoka kwenye kiti cha Uhispania tangu 1700. Habari za mjini zilichelewa kufika, nadhani.

Villa ni mji wa raia wenye baraza lao wenyewe. Familia 16 kutoka visiwa vya Canary ziliuanzisha 1731. Uwanja wao ndio Main Plaza ya leo, mbele ya kanisa la San Fernando. Ule wa askari uko nyuma yake. Amri za Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, za 1573, kuhusu kujenga miji kama hii, zilitaka urefu wa uwanja uzidi upana walau kwa nusu, ili sherehe za farasi zipate nafasi.

Majirani hao waligombana sana, hasa kwa ardhi na maji. Misheni zilikuwa na mifereji yake, acequia, na villa wa kwake. Basi wageni wako wafikishe misheni ya Espada pia: daraja la mawe la miaka ya 1740, lililojengwa kuvusha mfereji juu ya kijito, mpaka leo linapitisha maji ya mashamba.